Maji, Miamba na Maporomoko ya Milima

Mkazi wa Kigoma au Ujiji hana volkano ya kuiogopa. Vilima vya huko vimejengwa kwa miamba ya kale ya mchanga uliogandamana, na miteremko inayoshukia Ziwa Tanganyika ni kazi ya Bonde la Ufa. Hata hivyo, kanuni iliyouporomosha ubavu wa Hanang, volkano iliyolala mkoani Manyara, tarehe 3 Desemba 2023, ndiyo inayotawala pia miteremko ya ziwani.

Chukua mchanga mkavu wa ufukwe wa Ujiji, uumimine polepole mahali pamoja. Utapata kichuguu chenye mteremko wa nyuzi 30 hadi 35, wala hauzidi hapo hata ukiongeza mchanga. Kinachoushikilia ni msuguano baina ya chembe na chembe. Mchanga ukijaa maji, maji hayo huzisukuma chembe zitengane. Uzito unaozibana hupungua, na msuguano nao hupungua. Kwa hesabu nyepesi, mchanga uliostahimili nyuzi 33 ukiwa mkavu hustahimili nyuzi 18 hivi tu iwapo maji yaliyoujaza yanashuka sambamba na mteremko. Wengi husema kwamba maji huulainisha udongo kama mafuta. Yafaa zaidi kusema kwamba huubeba.

Volkano ina udhaifu wa ziada. Kipande cha lava kikipimwa maabara chaweza kuishinda saruji kwa ugumu, lakini mlima si kipande kimoja. Ni tabaka za lava na za majivu, zimeinamia nje, zenye nyufa tele. Gesi na maji ya moto yenye asidi hupenya nyufa hizo, na hatimaye jiwe gumu hugeuka udongo wa mfinyanzi. Ubavu wa mashariki wa Mlima Meru uliporomoka maelfu ya miaka iliyopita, na pengo lake laonekana hadi leo.

Hanang nayo haikulipuka mwaka 2023. Mvua kubwa ilinyesha, na Serikali ilieleza kuwa sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ilinyonya maji ikameguka. Tope, magogo na mawe vilishuka hadi mji wa Katesh na vijiji jirani. Watu zaidi ya 80 walikufa.

Kigoma mwamba ni mgumu, ila udongo ulioufunika hautegemei ugumu huo. Huufunga mizizi ya miti, na ndiyo maana kufyekwa kwa misitu kuelekea Gombe kulizua wasiwasi, hata Taasisi ya Jane Goodall ikaanzisha mpango wa TACARE mwaka 1994, wa kupanda miti pamoja na wanavijiji. Mjini, anayechimba kilima apate kiwanja huondoa egemeo la mteremko, na maji machafu anayoyamwaga nyuma ya nyumba huukamilisha ubaya huo. Wakati wa masika, mwenye nyumba atazame juu ya kiwanja chake: ufa uliopinda kama mwezi mwandamo, miti iliyoanza kuinama, au chemchemi mpya yenye tope. Akiona mojawapo, familia isilale humo usiku wa mvua.