Kufuli, Bipu na Vocha: Mafunzo Niliyopata kwa Kuishi na Simu

1. Kufuli halimzuii anayeijua mashine. Simu yetu ya mezani ilikuwa nyeusi, ya kuzungusha, na mzee aliipiga kufuli dogo kwenye tundu la namba. Kupokea ruksa, kupiga marufuku. Kaka yangu akagundua kwamba kile kisahani kazi yake ni kukatakata umeme tu: mara tatu kwa 3, mara kumi kwa sifuri. Akawa anagongagonga kitufe ambacho mkonga hukikalia, haraka na kwa mpangilio, mpaka upande wa pili unaita. Namba zenye sifuri nyingi zilimtoa jasho. Bili ilipokuja, mzee alilikagua kufuli, kisha akatukagua sisi.

2. Simu ya mezani ilikuwa ya nyumba, si ya mtu. Ukimpigia binti, hujui nani atapokea, kwa hiyo shikamoo ikae tayari mdomoni.

3. Gharama ndiyo iliyotufundisha kubipu. Kampuni ya simu za mkononi ya Mobitel ilianza hapa Tanzania 1994, mwaka ambao Shirika la Posta na Simu liligawanywa na kampuni ya simu ya TTCL ikazaliwa, lakini simu ya mkononi wakati huo ilikuwa ya wakubwa. Sisi wengine tulianza kuishika miaka ya 2000, Vodacom ilipokwisha kuingia, na dakika bado zilikuwa ghali. Basi simu iite mara moja, ukate. Bipu moja nimefika, mbili njoo unichukue. Adabu yake haikuandikwa popote: mwenye mshahara habipu, na mjomba akikubipu ujue kweli ameishiwa.

4. Vocha ilikuwa pesa kabla ya pesa za simu. Ukitaka kumtumia mama hela kijijini, unanunua vocha, unakwangua, unamsomea mwenye duka wa kule namba za vocha kwenye simu. Naye anampa mama noti, akishakata chake. Huduma ya M-Pesa ilipoanza Kenya 2007 na kuingia kwetu 2008, mimi sikushangaa sana. Mwenye duka yule yule akawa wakala, akapaka ukuta rangi za kampuni.

5. Watu hawasahau njia za zamani. Julai 2021 tozo ya miamala ya pesa za simu ilipoanza, jirani yangu alitia noti kwenye bahasha, akaenda stendi kumtafuta kondakta anayemfahamu. Kisha akambipu dada yake: mzigo umeondoka.