Mteja Akishindwa Kuagiza, Kosa Sio Lake

Leo nakupa somo lililonigharimu hela.

Mwaka jana nilitengenezewa tovuti ndogo ya kuuzia mashuka. Nikalipia tangazo la shilingi 60,000. Watu wanaingia, oda haziji. Wengine wananifuata WhatsApp: "Dada, naagizaje?" Nikawa nasema wateja wetu hawajui mambo ya mtandao. Nikaandaa hela ya tangazo la pili.

Kabla sijalipa, nikamwambia shangazi yangu, "Shangazi, hebu agiza shuka moja la sita kwa sita kwa simu yako. Mimi sikusaidii." Shangazi anatuma na kupokea hela kwa simu kila siku, sio mgeni wa simu. Dakika kumi baadaye akaniambia, "Mwanangu, hiki kitu chako kinanifukuza."

Haya ndiyo niliyoyaona nikiwa nimekaa pembeni yake:

1. LUGHA. Kitufe cha kuagiza kiliandikwa Kiingereza. Alikipita mara mbili. Sasa kimeandikwa "Agiza hapa".

2. UJUMBE WA KOSA. Aliandika namba yake kwa kuanza na 07, kama tunavyoandika wote. Fomu ikakataa: "Si sahihi". Basi. Kumbe ilitaka 255. Ujumbe useme kosa ni lipi na linarekebishwaje. Bora zaidi, fomu ikubali namba zote mbili.

3. MASWALI MENGI. Fomu ilikuwa na nafasi 11 za kujaza, mpaka tarehe ya kuzaliwa. Ya nini kwenye shuka? Nikabakisha jina, simu na mahali alipo.

4. KURUDI NYUMA. Alitaka kubadilisha rangi. Aliporudi, kila alichojaza kikafutika. Akaanza upya, kwa hasira.

5. UKIMYA. Alibonyeza "Tuma", kioo kikabaki vilevile. Akabonyeza tena, na tena. Kwangu zikaingia oda tatu! Sasa mteja anaona: "Asante, oda yako tumeipokea."

Mengi ya haya sio mapya. Mtaalamu Jakob Nielsen aliyaweka kwenye kanuni zake 10 za mwaka 1994: mfumo umwonyeshe mtu kinachoendelea, uongee lugha yake, umzuie asikosee, umpe njia ya kurudi. Mwaka 2000 akaandika kwamba ukijaribu na watu 5 tu, utaona sehemu kubwa ya matatizo.

Ile hela ya tangazo la pili nilimlipa fundi akarekebisha. Sijawa tajiri, ila "naagizaje" zimepungua sana, na oda zinaingia hata nikiwa nimelala.

KAZI YAKO WIKI HII: Hata kama huna tovuti, una fomu tu au katalogi ya WhatsApp, mtafute mtu asiyeijua. Mpe simu, mwambie anunue kitu kimoja. Halafu nyamaza. Usimwelekeze. Pale utakapotamani kusema "hapana, bonyeza hapo", andika kwenye daftari. Hapo ndipo wateja wako wanapoondokea, na wao hawana wewe wa kuwaelekeza.

Rekebisha kwanza, tangaza baadaye. Ukilipia tangazo huku mlango umefungwa, unaita watu waje kugonga ukuta.

Wewe wateja wako wanakwama wapi? Tuambie hapa chini, tusaidiane.