Dondoo Muhimu: Vitenzi vya Kiingereza vya maneno mawili au matatu

Burundi iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na Kiingereza kikawa lugha rasmi nchini humo mwaka 2014. Kijana wa mtaa wa Buyenzi au Bwiza anayeagiza bidhaa Kampala atakutana na vitenzi hivi kila siku.

• Shika kitenzi kizima. "Give" ni kutoa, lakini "give up" ni kukata tamaa.

• Kitungie sentensi ya kazi yako. Mwenye duka aseme: "We have run out of sugar," yaani sukari imetuishia.

• Angalia kiwakilishi kinakaa wapi. Mzigo ukifika, sema "I will pick it up", si "pick up it". Ila "look after" hakitenganishwi: "look after him".

• Uliyesoma kwa Kifaransa, "continue" na "tolerate" ni sahihi, lakini kwenye mazungumzo zoea pia "go on" na "put up with".

• Chukua vitatu kwa wiki. Vitumie na mwenzako kwa sauti, tena na tena, hadi vitoke mdomoni bila kuvitafuta.