Saa Kumi ya Nani? Somo Nililolipata Chini ya Genge

Wanaelimu wenzangu, na wewe wa kozi nyingine uliyefungua ukurasa huu kwa bahati tu, leo sina hoja ya bweni wala ya mkopo. Nina somo la Jiografia. Nililifundisha vibaya mara moja, na naliandika hapa ili wewe utakayepangiwa shule ya pwani usirudie kosa langu.

Machi mwaka jana nilikuwa najitolea kufundisha Kidato cha Pili katika shule moja upande wa Kigamboni. Mada ilikuwa kazi ya mawimbi. Kitabuni kuna mchoro wa genge la bahari, na huku dirishani upepo wa chumvi unaingia. Nikaona ni aibu kuchora ubaoni kitu kilichopo mwendo wa robo saa kwa miguu. Nikaomba ruhusa, wazazi wakasaini barua, na mwenzangu mmoja wa kozi akakubali kunisindikiza. Wanafunzi walikuwa 24. Kwenye barua niliandika kwa mkono wangu mwenyewe: "Watarudi salama."

Tulichokwenda kuona

Nikisema genge simaanishi genge la nyanya na vitunguu. Ni ukuta wa mwamba unaosimama kati ya nchi kavu na ufukwe. Sehemu kubwa ya mwamba wa namna hii katika pwani yetu ni matumbawe ya kale. Wataalamu wanakadiria kuwa mengi yake yaliota takriban miaka 125,000 iliyopita, wakati bahari ilikuwa juu kwa mita kadhaa kuliko leo. Maji yaliposhuka, matumbawe yakabaki nje, yakafa, yakawa jiwe. Ukiinama ukaangalia vizuri utaona bado alama za matumbawe na makombe ndani ya ukuta. Mwanafunzi akigusa pale haulizi tena kisukuku ni nini.

Chini ya genge kuna uvungu. Mawimbi yanapiga hapo kila maji yanapojaa, chumvi na maji vinayeyusha chokaa, na viumbe wadogo wanakwangua jiwe taratibu. Uvungu unaingia ndani, juu panabaki kama paa, na siku moja paa linaanguka. Ndiyo maana genge linarudi nyuma mwaka hadi mwaka, na ndiyo maana kanuni ya kwanza ni hii: usikalishe watoto chini ya paa hilo, hata kama kivuli kinavutia.

Kanuni hiyo niliijua. Niliyoikosa ni ya pili.

Maji yanavyokwenda

Kwenye pwani yetu maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa muda wa saa 24 na dakika 50 hivi. Kwa hiyo kila siku yanachelewa karibu dakika 50. Mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, jua na mwezi huvuta kwa mstari mmoja, tunapata bamvua: yanajaa sana na kupwa sana. Mwezi ukiwa nusu tunapata maji mafu, tofauti inakuwa ndogo. Bamvua za Machi na Septemba huwa kubwa zaidi, kwa sababu ndipo jua liko karibu na ikweta.

Mimi niliichagua bamvua makusudi. Nilitaka maji yakimbie mbali ili tuone mwamba wote. Usiku nikafungua programu ya simu, nikanakili kwenye andalio la somo: kupwa 10:20, mita 0.2, kujaa 16:30, mita 3.8. Asubuhi, nikiwa na haraka, nikasoma andalio langu kama Mswahili yeyote anavyosoma saa. Kupwa: saa kumi na dakika ishirini. Basi, nikajiambia, tukitoka saa saba na nusu mchana tutakuwa tunayafuata maji yanavyorudi, tena tutakuwa na muda wa kutosha. Ile 16:30 sikuitazama hata kidogo.

Kumbe 10:20 ya simu ni saa nne na dakika ishirini asubuhi. Tulipoteremka ufukweni maji yalikuwa yameshaanza kujaa saa tatu zilizopita.

Tulizunguka rasi ndogo, tukaingia kwenye kihori cha mchanga chenye genge zuri nyuma yake. Nikaanza kufundisha. Mwanafunzi mmoja wa kike, ambaye darasani huwa haongei, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, maji yanajaa."

Nikamwambia jedwali linasema yanakupwa mpaka saa kumi.

"Lakini mwalimu, leo bamvua. Bamvua saa kumi maji yamejaa."

Nikamjibu, na hapa naandika nikiona haya, kwamba sayansi haifanywi kwa kusikia sikia. Wenzake wakacheka. Akashusha mkono.

Hesabu iliyotukuta

Kuna kanuni ya sehemu kumi na mbili. Gawa tofauti ya maji kwa 12. Saa ya kwanza baada ya kupwa maji hupanda sehemu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Ni makadirio, ila yanasaidia sana. Siku ile tofauti ilikuwa mita 3.6, kwa hiyo sehemu moja ni mita 0.3. Katika saa ya tatu na ya nne maji hupanda mita 0.9 kila saa, yaani sentimita 15 kila dakika kumi. Na sisi tuliingia kwenye kihori saa ya nne inaanza. Ukitaka kuchagua muda mbaya kuliko wote, ndo huo.

Nilipogeuka kutazama rasi tuliyoizunguka, mawimbi yalikuwa yanaipiga. Upande wa pili vilevile. Mchanga tuliosimamia ulikuwa umebaki kama upana wa darasa. Mwenzangu alinitazama bila kusema kitu, na mimi nikasikia ile sentensi ya kwenye barua.

Aliyetutoa ni mama mmoja mtu mzima aliyekuwa juu ya genge na kikapu cha pweza. Yeye alikuwa ameshatoka mwambani kitambo. Akapiga kelele, "Mwalimu, wapitishe huku! Huku kwenye mwanya!" Ulikuwepo mwanya wanaoutumia wavuvi, nyuma ya jiwe, hatua kama 40 kutoka tulipokuwa. Tukashikana mikono, warefu upande wa bahari, maji yakiwafika wengine kiunoni. Mvulana mmoja alichunika goti, viatu viwili vilikwenda na maji. Juu nilihesabu mara tatu. Ishirini na wanne. Yule mama akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, hukumuuliza mtu yeyote?" Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimeambiwa bila kuuliza.

Kwa nini yule binti alikuwa sahihi

Jioni nilikwenda kwa mkuu wa shule nikaeleza yote, na nikaandika barua ya pili kwa wazazi. Kisha nikakaa na lile andalio. Swali lililonisumbua ni moja: alijuaje bila jedwali?

Jibu ni sayansi safi. Kila bamvua, jua na mwezi hurudi kwenye mpangilio uleule, kwa hiyo mahali pamoja maji hujaa karibu saa ileile. Kwa pwani ya Dar es Salaam, bamvua hujaa kwenye saa kumi hivi, alfajiri na jioni, na kupwa kwenye saa nne, asubuhi na usiku. Maji mafu ni karibu kinyume chake. Mtoto aliyekua akimsubiri mama yake arudi na pweza anaijua ratiba hiyo kama wewe unavyojua saa ya chakula kantini. Tunafundishwa chuoni kwamba mwanafunzi haji darasani kichwa kitupu, nami nilishaijibu hoja hiyo kwenye mtihani nikapata alama nzuri. Ufukweni niliisahau ndani ya dakika moja.

Kipindi kilichofuata nilimwomba radhi mbele ya darasa, kwa sababu nilimvunja mbele ya darasa. Nikampa chaki. Alichora mwezi na maji, akaeleza kwa dakika kumi, na safari hii hakuna aliyecheka.

Kabla hujatoka na darasa

1. Andika saa kwa maneno: "saa nne asubuhi", si 10:00 tupu.
2. Soma kupwa na kujaa vyote viwili. Kimoja kitakukamata ukikosea kingine.
3. Ingia ufukweni maji yakiwa bado yanarudi, na uwe umeshatoka yanapofika mwisho wa kupwa.
4. Pita njia hiyo mwenyewe siku moja kabla, na ujue mwanya wa kupandia uko wapi.
5. Uliza wanaoishi na bahari. Mwanafunzi akisema maji yanajaa, geuka utazame kwanza.

Zoezi: Jedwali linaonyesha kupwa 09:40, tofauti ya maji mita 3.0. Maji yatakuwa yamepanda mita 1.5 saa ngapi? Jibu kwa saa ya Kiswahili, kwa maneno, ukitaja ni asubuhi au mchana. Ukipata saa saba kasoro dakika ishirini mchana, unaweza kuanza kuandika barua ya wazazi.