Kuoanisha Mipigo: Kutoka Jenereta hadi Kioo cha Kompyuta

Hadi mwaka 2022 miji ya Kibondo na Kasulu, katika nyanda za juu za Mkoa wa Kigoma, ilipata umeme kwa jenereta za dizeli za TANESCO, kwa kuwa Gridi ya Taifa ilikuwa haijafika huko. Mwaka huo miji hiyo iliunganishwa na gridi kwa laini itokayo Nyakanazi. Hata hivyo mitambo ya namna ile ingali na somo zuri kwa mwanafunzi wa fizikia, nalo humfikisha hadi nyuma ya kioo cha kompyuta.

Katika kituo chenye jenereta zaidi ya moja, matumizi yanapoongezeka jioni, ya pili huwashwa ili kuisaidia ya kwanza. Fundi hafungi swichi mara tu inapoanza kuzunguka. Volteji za mashine zote mbili hazina budi kulingana, masafa yao yakaribiane na hezi 50, na juu ya hayo mawimbi yao yawe yakipanda na kushuka kwa wakati mmoja. Sharti hili la mwisho, yaani la awamu, ndilo lisahaulikalo upesi darasani. Ikiwa mashine ya kwanza ina hezi 50.0 na ya pili 50.2, mawimbi yao yatapatana mara moja tu kila sekunde tano. Njia ya zamani ya kuutambua wakati huo ni kuunga taa kati ya ncha mbili za swichi iliyo wazi: taa huwaka sana mawimbi yanapopingana, hufifia, kisha huzimika yanapopatana, na hapo ndipo swichi hufungwa. (Kwa kweli taa huzimika kabla tofauti ya volteji haijawa sifuri kamili, kwa sababu hiyo hutumika pia kipimo maalumu chenye mshale uzungukao.) Swichi ikifungwa mawimbi yakiwa yanapingana, mkondo mkubwa hupita ghafla, na shafti ya mashine huweza kupindika.

Zikishaungana, jenereta hushikana zenyewe: inayotaka kutangulia hubebeshwa mzigo zaidi, nayo hurudishwa nyuma. Saketi ndogo za kompyuta hazina bahati hiyo.

Ichukuliwe mfano wa kioo chenye nukta 800 kwa 480, ambacho picha yake huchorwa upya mara 60 kwa sekunde. Ukijumlishwa muda wa kupumzika mwishoni mwa kila mstari na kila picha, hesabu ya kawaida ni 1056 × 525, yaani mipigo 554,400 kwa picha moja, au kiasi cha milioni 33 kwa sekunde. Saa ya kioo basi hupiga kwa megahezi 33, na kila nukta ina nanosekunde 30 tu. Lakini picha yenyewe imehifadhiwa katika kumbukumbu, kipande kingine cha ubao uleule, ambacho saa yake yaweza kuwa ya megahezi 100. Kidhibiti cha kioo huzitumikia saa zote mbili.

Tofauti ya kasi huondolewa kwa kutumia kihenge. Kumbukumbu humwaga nukta nyingi kwa mkupuo katika ghala dogo lililo ndani ya kidhibiti, na kioo huchota moja moja kwa mwendo wake. Kihenge kikikauka kabla ya kujazwa, mstari wa picha huharibika.

Tofauti ya awamu ni ngumu zaidi. Mpigo wa saa husafiri katika ubao kiasi cha sentimita 15 kwa nanosekunde moja. Kumbukumbu ikiwa umbali wa sentimita 7.5, mpigo hutumia nanosekunde 0.5 kuifikia, kumbukumbu huchukua, kwa mfano, nanosekunde 6 kutoa jibu, na jibu hutumia 0.5 nyingine kurudi. Jumla ni 7. Kwa megahezi 100 mpigo unaofuata huja baada ya nanosekunde 10, kwa hiyo zimebaki 3. Saa ikipandishwa hadi megahezi 133, mpigo hudumu nanosekunde 7.5 na ziada huwa 0.5 tu. Hiyo haitoshi, maana jibu halina budi kutulia kitambo kidogo kabla ya kusomwa na kidogo baada ya kusomwa. Ni kama mama anayegeuza muhogo kinuni huku wenzake wakitwanga: mkono huingia mchi ukiwa juu, na hutoka kabla haujashuka. Hitilafu ya namna hii haiji kila mara. Nukta za rangi ngeni hutokea na kutoweka, hasa ubao ukipata joto, na vioo vizima hutupwa kwa kosa lisilo lao.

Dawa yake ni kusoma jibu kwa nakala ya saa iliyocheleweshwa makusudi. Saketi iitwayo PLL hufanya kazi ya yule fundi wa jenereta: hulinganisha awamu za mawimbi mawili, kisha huiharakisha au kuipunguza kasi saa ya ndani mpaka yapatane. Kumbukumbu za aina ya DDR huenda mbali zaidi, kwa kutuma mpigo wao pamoja na data ili vyote vicheleweshwe sawasawa. Ndiyo sababu katika ubao wa kompyuta huonekana njia za shaba zilizopindwapindwa kama nyoka: zile fupi zimerefushwa zilingane na ndefu.

Zoezi. (1) Jenereta mbili zina hezi 50.0 na 49.9. Taa zitazimika kila baada ya sekunde ngapi? (2) Katika ubao wa mfano, kumbukumbu imesogezwa hadi umbali wa sentimita 15. Kwa megahezi 100, zitabaki nanosekunde ngapi?