Dawa ya Degedege Hupimwaje Kabla ya Kumfikia Mgonjwa?

Wakazi wengi wa Kilifi na Malindi wanakijua kifafa, na wanaijua degedege inayompata mtoto mwenye malaria kali. Makala haya yanaeleza jinsi dawa za kuzuia hali hizo zinavyopimwa, na somo lililopatikana papa hapa kwetu.

Ndani ya ubongo

Seli za ubongo huwasiliana kwa kemikali. Glutameti huzichochea, GABA huzituliza. Kila kemikali hushika mahali pake kwenye seli, paitwapo kipokezi, kama ufunguo na kufuli. Uchochezi ukizidi, seli nyingi hufyatuka kwa pamoja na mgonjwa huanguka.

Kwanza panya

Watafiti huwapa panya wa maabara kemikali kama pentilenitetrazoli, inayozuia vipokezi vya GABA na kuleta degedege. Kundi moja hutangulia kupewa dawa inayojaribiwa, jingine halipewi. Kisha makundi hulinganishwa: degedege ilianza lini, ilidumu muda gani, na ni panya wangapi walinusurika. Perampaneli, inayoziba kipokezi kimoja cha glutameti, ilijaribiwa kwa wanyama kabla ya kuidhinishwa Ulaya na Marekani mwaka 2012.

Somo la Kilifi

Kuzuia degedege pekee hakutoshi. Mwaka 2000, watafiti wa KEMRI na Wellcome Trust walichapisha matokeo ya jaribio la watoto 340 wenye malaria ya ubongo, lililofanyika katika hospitali ya Kilifi. Nusu walidungwa fenobabitali mara moja, nusu sindano isiyo na dawa. Waliopata degedege mara tatu au zaidi walikuwa 18 kati ya waliopewa dawa, na 46 kati ya wenzao. Lakini vifo vilikuwa 30 dhidi ya 14. Hatari ilizidi kwa waliopewa pia dayazepamu mara tatu au zaidi, kwa kuwa dawa hizi zikijumlishwa huweza kudhoofisha pumzi. Panya peke yao wasingetufunza hilo.

Zingatia

- Matokeo haya hayahusu tembe za kifafa za kila siku. Usiziache bila ushauri wa daktari.
- Usimpe mtoto dawa ya degedege ya mgonjwa mwingine.
- Mgonjwa akianguka, mlaze ubavu, wala usimtie kitu mdomoni.
- Degedege ikipita dakika 5, au mtoto akiwa na homa, mkimbize hospitalini.