Sumu ya nyuki: labo inapima nini kabla mnunuzi hajalipa?

Wafugaji wa nyuki wenzetu wa Fizi na Baraka,

Wengi mnatuuliza juu ya sumu ya nyuki, maana mmesikia gramu moja inaleta pesa kuliko bido ya asali. Bei nzuri ipo, lakini hailipwi kwa unga wowote mweupe. Mnunuzi wa kweli anauliza kwanza: melitini ni ngapi kwa mia?

Melitini ndiyo sehemu kubwa ya sumu, na ndiyo inayoleta yale maumivu ya kuchomwa. Sumu ikikauka vizuri, karibu nusu ya uzito wake ni melitini. Kwa kawaida ni kati ya 40 na 60 kwa mia. Fosfolipazi, ile inayosumbua sana wenye aleji, ni kama 10 hadi 12 kwa mia. Apamini ni 2 au 3 tu.

Sumu inakusanywa kwa fremu yenye nyaya nyembamba juu ya kioo. Umeme mdogo wa batri ya voli 12 unamshtua nyuki, anachoma kioo bila kupoteza mwiba, sumu inakauka, halafu tunaikwangua kwa wembe. Nyuki mmoja anatoa kama miligramu 0.1 ya sumu kavu. Piga hesabu mwenyewe: gramu moja ni michomo 10,000.

Sasa labo inafanya nini? Inapima unga kidogo sana, inauyeyusha katika maji safi, inauchuja, halafu inausukuma ndani ya bomba jembamba la kromatografia. Ni kama watu wanaopanda kwenda Fizi na mizigo: wametoka pamoja, lakini hawafiki pamoja. Kila kitu kinanata ndani ya bomba kwa nguvu yake. Apamini inatangulia kutoka, melitini inafika mwisho. Mwanga usioonekana kwa macho unakitambua kila kimoja kinapotoka, na mashine inachora vilima. Kilima cha melitini kinalinganishwa na kilima cha melitini safi ambayo uzito wake unajulikana. Bila hicho cha kulinganisha, namba ni ya kukisia tu. Wakitia miligramu 10 za unga wakakuta 5 za melitini, ni 50 kwa mia. Wakikuta 3, hapo kuna maswali.

Pengine ni chavua, asali au kinyesi cha nyuki kwenye kioo. Pengine ni unyevu: unga huu unakunywa maji ya hewa, na huku kandokando ya ziwa hewa ni nzito, basi uzito unapanda bila sumu kuongezeka. Ndiyo sababu labo nzuri inapima na unyevu. Pengine mtu amechanganya sukari ya unga, na hilo jicho haliwezi kuliona. Unga ukigeuka kahawia, mwanga au joto vimeshaugusa. Utunze katika chupa nyeusi iliyofungwa, kwenye baridi.

Wakati wa kukwangua, vaa maski na miwani, vumbi lake linachoma macho na mapafu. Na nyuki akichoma anatoa harufu kama ya ndizi mbivu, inayoita wenzake. Nyuki wetu ni wakali. Mzinga ulio karibu na nyumba, mbuzi au njia ya wanafunzi usiutie umeme hata kidogo. Mwenye aleji koo linaweza kuvimba akafa kabla ya kufika kituo cha afya.

Siye tunaona koperative ambayo bado haina soko la uhakika la asali isitoe akiba yake kununua aparei hii. Wanaotaka bado, waombe kwanza kwa maandishi: labo ni ipi, nani analipa upimaji, chini ya ngapi kwa mia mzigo unakataliwa. Halafu sampuli igawanywe katika chupa mbili, zote zifungwe na kutiwa sahihi ya pande zote. Moja iende na mnunuzi, moja ibaki kwa koperative.